Asilimia ya Nini?

Mpwa wangu alifika kwangu Pito jioni moja ya Februari, mvua imetoka kukatika, daftari la kidato cha kwanza amelificha ndani ya sweta lisilowe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona saa hizi?"

"Nimesahau hesabu."

Nilidhani ananitania. Huyu ni mtoto aliyepata A ya Hisabati darasa la saba. Mama yake, ambaye ni dada yangu, humtuma dukani vitu sita kwa noti moja bila kumwandikia karatasi, na chenji hurudi kamili. Nikamuuliza amesahau vipi. Akafungua daftari mezani akanionyesha swali la mistari miwili, kwa Kiingereza: mfanyabiashara amenunua kitu kwa shilingi 8,000, amekiuza kwa shilingi 10,000, faida yake ni asilimia ngapi? Chini yake mtoto alikuwa amelinakili swali lenyewe mara ya pili, kwa mwandiko mzuri, akapiga mstari kwa rula, akaishia hapo.

Nikamsomea kwa Kiswahili. Sijamaliza, akasema, "Ishirini na tano." Kisha akanyamaza, akanitazama kama mtu aliyeshikwa na kitu kisicho chake. "Lakini mjomba, hiyo si ni ya shule ya msingi?"

Sentensi hiyo ndiyo iliyonikalisha kitako niandike haya. Mimi si mwalimu. Nanunua maharage na mahindi vijiji vya huku na kuyauza mjini Sumbawanga. Hisabati ya kidato cha nne nilipata F, na mtu akitaka kunifungia mdomo kwa hiyo F, namkaribisha. Ninayo hoja, na ile F ni sehemu ya ushahidi.

Nilichukua daftari nikalipekua. Mada hazijabadilika sana tangu niliposoma mimi: aina za namba, sehemu, desimali na asilimia, vipimo, makadirio, jometri, aljebra, uwiano, faida na hasara, mzingo na eneo. Aliyepita shule ya msingi Tanzania anajua kwamba mengi ya hayo ameshakutana nayo, tena kwa Kiswahili. Mpwa wangu anajua kutafuta KDS na KKS. Anajua kipeuo cha pili. Anajua MAGAZIJUTO, neno ambalo ukimwamsha Mtanzania usiku wa manane ukamtajia, atalifumbua kabla hajawasha taa: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Januari anaingia sekondari, anapewa wiki chache za kuzoeshwa Kiingereza, halafu anaambiwa kuna kitu kipya kinaitwa BODMAS. KDS inageuka LCM. Faida na hasara zinavaa suti. Wapo walimu wanaosema, "Wanangu, haya mnayajua, ni majina tu yamebadilika." Mungu awabariki. Lakini husema kwa sauti ya chini, maana lugha rasmi ya kufundishia si hiyo.

Basi katika miaka hii miwili ya kwanza ya sekondari mtoto wa Pito anajifunza nini hasa katika hisabati? Muhtasari wa somo naufahamu. Nauliza kinachobaki kichwani. Nilichokiona kwenye daftari lile ni kwamba anajifunza kunakili. Anajifunza pia kwamba kitu akikielewa upesi, basi hicho si hesabu, ni mambo ya watoto. Hesabu yenyewe lazima iwe kitu kisichoeleweka, na anayekifanya kieleweke anavunja utaratibu.

Matokeo yake tunayasikia redioni kila Januari. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, waliofaulu hisabati walikuwa kama mmoja kati ya watano. Mwaka 2023 walifika kama robo. Somo lingine lolote likiangusha watu kiasi hicho, mwaka nenda mwaka rudi, tungeshalishuku somo. Hisabati ikiangusha, tunawashuku watoto: hawapendi hesabu, wanaogopa hesabu, wamezidi simu. Mwenye huruma kidogo ataongeza kwamba walimu ni wachache, na hapo simbishii.

Mwaka 2007 nilikuwa kidato cha pili, katika moja ya shule za kata zilizochipua kila mahali miaka ile. Walimu wetu wa hisabati walikuwa wale tuliowaita vodafasta, vijana waliotoka kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya wiki chache, wakatupwa mbele ya darasa lililofurika. Siwalaumu. Walikuwa watoto kama sisi, wametuzidi jedwali za tarakimu nne tu. Tulishinda na jedwali hizo: tafuta logi, jumlisha, rudi. Niliziweza. Nilikuwa naringa nazo hadi nyumbani.

Msimu ule, baada ya mavuno, mnunuzi alikuja na lori. Baba alikuwa na magunia kumi ya kuuza. Akaniita. "Wewe si ndiye unayesomea hesabu? Simama hapa uhesabu."

Nikasimama. Kwa kawaida ya kwetu debe sita hujaza gunia la kilo mia. Vibarua wa mnunuzi walipima debe sita, wakashindilia, wakaunga kipande cha gunia jingine juu kama kilemba, wakamimina debe la saba, wakashona. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei ilikuwa shilingi 12,000 kwa gunia, debe sita au saba, hilo halikuulizwa. Nilihesabu magunia. Yalikuwa kumi. Hicho ndicho nilichohesabu.

Baba alinitazama mara moja tu, debe la saba lilipokuwa linamiminwa kwenye gunia la kwanza. Nimekaa na mtazamo huo miaka mingi. Hakuwa mjinga, alijua anaibiwa. Alichotaka kwangu ni mdomo: mtu mwenye sare ya shule wa kumwambia mnunuzi, mbele ya majirani, kwamba debe ni shilingi 2,000, kwamba magunia kumi ni debe kumi za bure, kwamba hizo ni shilingi 20,000. Ada ya shule ya kutwa ya serikali wakati ule ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Mwaka wangu mzima wa shule ulipanda lori mbele yangu, nimesimama na kalamu sikioni. Ningeweza kukwambia papo hapo kwamba logi ya saba ni 0.8451. Sikuweza kusema kwamba saba si sita.

Wala si kwamba nilisahau. Haikunipitia akilini kwamba hiyo ilikuwa hesabu. Hesabu ilikuwa kwenye daftari, kwa Kiingereza, na ilihusu watu walionunua vitu ambavyo hatukuwahi kuviona. Yaliyokuwa yanatendeka uani kwetu yalikuwa mahindi.

Niungame na jingine, maana sitaki kujifanya mtakatifu. Nilipoanza biashara, mwaka wangu wa kwanza na mimi nilinunua kwa lumbesa. Kila mtu alinunua hivyo, na Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ilikuwa mbali, mjini. Hapo ndipo nilipoielewa asilimia kwa mara ya kwanza: usiku, kwa kibatari, natafuta nilichovuna kwa debe la saba. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Darasa lilishindwa kunipa kitu cha kumlinda baba, na biashara ikanipa kile kile cha kuwaibia baba za wenzangu.

Kwa hiyo jioni ile nilimfungia mpwa wangu daftari nikampa swali langu. Gunia ni shilingi 60,000, debe sita. Mkulima ametoa debe saba kwa bei hiyo hiyo. Mnunuzi amepata faida ya asilimia ngapi? Mkulima amepata hasara ya asilimia ngapi?

Alianza na mnunuzi. Katoa 60,000, kabeba mali ya 70,000. Kumi elfu juu ya sitini elfu: asilimia 16 na ushee. Akaenda kwa mkulima. Ametoa mali ya 70,000, amepokea 60,000. Kumi elfu juu ya sabini elfu: asilimia 14 na ushee. Akakunja uso. Akarudia. Akafuta, akarudia tena.

"Mjomba, nimekosea wapi?"

"Hujakosea."

"Lakini debe ni lile lile moja! Linatoka huku linaingia huku. Inakuwaje huyu apate kumi na sita na huyu apoteze kumi na nne?"

Tulikaa na swali hilo karibu saa nzima, chai ikapoa. Nilimwacha agombane nalo. Alijaribu kuzipunguza namba, akachukua mahindi mabichi kwenye ungo akapanga sita huku na moja pembeni, akalihamisha lile moja mara huku mara kule. Mwishowe akasema polepole kwamba kumi elfu ni ile ile, ila kila mmoja anaipima kwa kilicho chake: mnunuzi kwa alichotoa, mkulima kwa alichokuwa nacho. Asilimia peke yake haisemi kitu, akasema, mpaka uulize asilimia ya nini.

Hiyo ni hisabati, na ni ya kidato cha kwanza kabisa, sura ile ile ya faida na hasara. Kwenye daftari lake sura hiyo imekuwa kanuni moja ndani ya boksi: faida gawanya kwa bei ya kununulia, zidisha kwa mia. Kwa nini ugawanye kwa bei ya kununulia na si ya kuuzia, boksi halisemi. Wakati huku mitaani watu wanauza sofa na televisheni kulipa mikopo ya kausha damu, na wote walipochukua waliambiwa riba ni asilimia kadhaa, wakaitikia kwa kichwa. Asilimia ya nini? Ya mwezi au ya mwaka? Ya deni lote au ya lililobaki? Wengi wao wamesoma hadi kidato cha nne. Walifundishwa boksi.

Au tazama mada ya makadirio. Shuleni kukadiria ni kuikata desimali ibaki na tarakimu mbili. Marehemu bibi yangu hakuingia darasa lolote. Alikuwa akisimama pembeni ya shamba lenye nyasi, wakati wa kutengeneza intumba, yale matuta ya duara ya kwetu Ufipa ambayo nyasi hufunikwa ndani zioze, na juu yake hupandwa maharage. Angekwambia hapa watu wawili mpaka jua la utosi watafikisha matuta mangapi, na mbegu ya maharage iletwe kiasi gani. Alikosea, lakini alijua amekosea kwa kiasi gani, na mwaka uliofuata alirekebisha. Katika miaka yangu minne ya sekondari hakuna aliyewahi kunitaka nikadirie kitu kilichopo mbele ya macho yangu.

Msomaji asidhani hili ni la Ufipa tu. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti juu ya watoto watano waliokuwa wakiuza vitu mitaani Recife, Brazili. Waliwaendea kama wateja: nazi hizi ngapi, chenji yangu ngapi? Watoto walipatia maswali 98 katika kila mia. Baadaye wakawapa hesabu zile zile kavu kwenye karatasi, bila nazi wala mteja. Walipatia 37. Watoto ni wale wale na namba ni zile zile. Na hao walikuwa wakiulizwa kwa lugha yao wenyewe! Sisi tunaondoa nazi, halafu tunaondoa na lugha.

Mambo haya si mageni serikalini. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza kuanzia mwaka 1985. Serikali ikakataa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikafungua mlango wa Kiswahili katika ngazi zote, tukashangilia, na hakuna aliyeingia. Toleo la 2023 la sera hiyo hiyo limekiacha Kiingereza palepale sekondari. Mtoto anayeanza kidato cha kwanza leo anavuka mto ule ule nilioingia mimi nikazama.

Najua nitakavyojibiwa, nimeshajibiwa kwenye viti vya kahawa mjini. Kiingereza ndicho cha dunia. Sawa, kifundishwe, tena kifundishwe vizuri kuliko sasa, na mwalimu wa Kiingereza, katika kipindi cha Kiingereza. Mtoto aliyeelewa asilimia ni ya nini atajifunza kuisema kwa Kiingereza kwa juma moja. Aliyelikariri neno bila kitu chenyewe, hata umpe miaka minne, atakunakilia swali. Kiswahili hakina maneno? Mtihani mzima wa hisabati wa darasa la saba umeandikwa kwa maneno gani? Tunayo pembetatu, kipenyo, mzingo, mlinganyo, kipeo. Yakipungua yataundwa, kama yalivyoundwa hayo.

Jambo lisilosemwa kwenye viti vya kahawa ni kwamba wenye sauti juu ya lugha hii wengi wao watoto wao wako shule zinazofundisha kwa Kiingereza tangu chekechea. Kwao hakuna mto wa kuvuka. Mtoto aliyejua kuhesabu kwa Kiingereza akiwa na miaka sita hatajua kwa nini wa Pito anakwama akiwa na miaka kumi na minne, na wote wanaketi kwenye mtihani mmoja, siku moja, na matokeo yanasomwa kana kwamba walianzia mahali pamoja. Hiyo nayo ingefaa iulizwe ni asilimia ya nini.

Lakini nisidanganye kwamba Kiswahili pekee kitatibu kila kitu. Rudi kwenye MAGAZIJUTO tuliyoiimba. Fanya kumi toa tatu jumlisha mbili. Ukiifuata MAGAZIJUTO neno kwa neno, jumlisha hutangulia toa: tatu na mbili ni tano, kumi toa tano ni tano. Si kweli. Una shilingi kumi, umetumia tatu, umepewa mbili: unazo tisa, na mtoto yeyote anayetumwa dukani atasema tisa. Kujumlisha na kutoa ni ndugu wa daraja moja, unazifanya kwa mpangilio zinavyokuja kutoka kushoto, na kugawanya na kuzidisha vilevile. Tuliimba miaka yote kwa Kiswahili safi na wengi wetu hatukuelezwa hilo. BODMAS ina ila ile ile. Wimbo ni wimbo kwa lugha yoyote, na mwalimu mwenye watoto mia darasani ataimbisha, maana kuimba ndiko kunakomaliza muhtasari kabla ya mtihani.

Ninachodai basi ni vitu viwili kwa pamoja, na nusu yake haitoshi: somo lifundishwe kwa lugha ambayo mtoto anaweza kugombana nayo, na lihusu kitu anachoweza kukigombania. Mahindi yapo, debe lipo, lumbesa ipo nje ya uzio wa shule. Mwalimu hahitaji maabara.

Jumamosi iliyofuata mpwa wangu alirudi. Safari hii hakuja na daftari, alikuja na dumu la lita tano. Alitaka kujua debe ni lita ngapi hasa, kwa kuwa katika swali langu kila kitu kilisimama juu ya debe na hakuna aliyekuwa amelipima. Nikacheka, nikamwambia debe ni lita ishirini, kila mtu anajua. Akasema sawa, akaenda stoo mwenyewe, akatoka na debe la bati nililolinunua kuukuu mwaka ule wa kwanza wa biashara, akaliweka uani, akaanza kumimina maji. Dumu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Maji hayakufika ukingoni. Akachukua chupa ya lita moja akaongeza moja, akaongeza ya pili, ndipo yakajaa.

Akalipindua debe akalitazama kitako. Kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kutoka ndani, kimetokeza nje kama tumbo.

"Ishirini na mbili," akasema. Akachora kwa kijiti mchangani: mbili juu ya ishirini, na pembeni yake mbili juu ya ishirini na mbili. Akaniangalia. "Mjomba, hili debe ni la nani?"

Nikamwambia siku hizi nanunua kwa mizani, hilo debe nilishaacha kulitumia.

"Tangu lini?"